Daftari liko serikalini, mzigo uko kwa mwananchi

Kila mwaka dirisha la mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, steshenari zilizo jirani na ofisi za wakuu wa wilaya hujaa vijana waliomaliza kidato cha sita. Mkononi wana bahasha ya kaki yenye cheti cha kuzaliwa, na wengine wameongeza cheti cha kifo cha baba au mama. Hawakuja kuomba cheti, wanacho. Wamekuja kukilipia uhakiki, yaani RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo iliyotoa cheti kile, ithibitishe kwamba ni yenyewe iliyokitoa, kisha kijana achukue namba ya uhakiki aipeleke Bodi ya Mikopo. Kwa viwango vya miaka ya karibuni ada ni Sh 3,000 kwa kila cheti. Aliyefiwa na wazazi wote wawili ana vyeti vitatu, basi ni Sh 9,000, kabla hajagusa Sh 30,000 za maombi yenyewe na kabla hajamlipa mwenye steshenari kwa kuskani na kupakia.

RITA ni wakala wa Serikali. Bodi ya Mikopo ni taasisi ya Serikali. Taarifa inayotakiwa imo kwenye kumbukumbu za ile ya kwanza na inahitajiwa na ile ya pili. Anayebebeshwa kazi ya kuitoa huku na kuifikisha kule, tena kwa fedha yake, ni mtoto wa mkulima anayeomba mkopo kwa sababu hana fedha. Mimi hilo silikubali, na linaniuma zaidi ninapoona tumelizoea kiasi kwamba hakuna anayeuliza.

Tuanzie kwenye sheria, maana wengi wetu tuna vyeti lakini hatujawahi kuambiwa ni kitu gani. Usajili wa vizazi Tanzania Bara unaongozwa na Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, iliyotungwa mwaka 1920. Mtoto akizaliwa, taarifa hufikishwa kwa msajili wa wilaya, huandikwa kwenye daftari, na karatasi anayopewa mzazi ni nakala iliyothibitishwa ya kile kilichoandikwa humo. Kwa hiyo hata kile cheti cha kwanza kabisa, kile ambacho mama hukifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kukiweka chini ya kanga sandukuni, ni nakala. Chenye uzito ni daftari. Karatasi ikiungua, ikiliwa na mchwa au ikisombwa na maji, kuzaliwa kwako hakujafutika. Kumebaki pale pale kulikoandikwa, na kazi ya ofisi ni kufungua ukurasa na kutoa nakala nyingine.

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inalitambua hilo. Waraka wa umma unaweza kuthibitishwa mahakamani kwa nakala iliyoidhinishwa na ofisa anayeutunza. Mahakama, mahali ambapo mtu anaweza kupoteza nyumba au uhuru wake, inaridhika na muhuri wa mtunza daftari. Inakuwaje nakala hiyo hiyo isitoshe kwenye dawati la mikopo mpaka mwenye nayo alipie mara ya pili?

Ninaposema mzigo uko kwa mwananchi, sizungumzii fedha peke yake. Nazungumzia nani anatakiwa kuthibitisha nini. Kijana aliyezaliwa Bugando na ambaye sasa wazazi wake wanaishi Mtwara, kumbukumbu yake iko Mwanza. Akipoteza cheti, swali la kwanza dirishani ni namba ya ingizo, yaani namba ya kumbukumbu yake kwenye daftari. Namba hiyo iliandikwa kwenye kile kile kilichopotea. Kama hana namba, aeleze mwaka, wilaya, kituo alikozaliwa, majina ya wazazi kama yalivyoandikwa siku ile, jambo ambalo yeye hakuwapo kulishuhudia kwa akili yake. Na kama ingizo halipatikani, hapo haombi tena nakala. Anaanza usajili upya, na usajili wa mtu mzima ni safari nyingine kabisa.

Sheria imeweka ngazi. Ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe, usajili ni wa kawaida. Zikipita siku 90 umechelewa, na ikipita miaka 10 hausajiliwi bila idhini ya Msajili Mkuu. Ada nazo, nje ya mpango wa bure wa watoto wadogo nitakaoutaja, kwa viwango vya miaka ya karibuni zinapanda kwa ngazi hizo: Sh 3,500 kwa wa ndani ya siku 90, Sh 4,000 kwa aliyezidi hapo hadi miaka 10, na Sh 20,000 kwa aliyevuka miaka 10. Halafu kuna ushahidi. Tangazo la kizazi kutoka hospitali kama lipo, kadi ya kliniki kama haijatafunwa na panya, cheti cha kumaliza darasa la saba, cheti cha ubatizo kwa Mkristo, barua ya mtendaji wa kijiji au wa kata. Barua ya mtendaji ina taratibu zake: uanze kwa mjumbe, mjumbe akuandikie kwa mwenyekiti, mwenyekiti akusukume kwa mtendaji, na mtendaji awe yuko ofisini siku hiyo, hayuko kwenye kikao wilayani.

Sasa tujiulize, anayeadhibiwa kwa kuchelewa ni nani? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina na uraia, na inamwekea mzazi au mlezi wajibu wa kumsajili. Mzazi asipotimiza wajibu, anayekuja kudaiwa Sh 20,000 na rundo la ushahidi ni yule mtoto akishakuwa na miaka 19. Hakuchagua kuzaliwa nyumbani kwa mkunga wa jadi. Hakuchagua kijiji ambacho nauli ya kwenda wilayani na kurudi ni fedha ya chakula cha wiki. Ukimwambia amechelewa, unamhesabia kosa la siku aliyokuwa na umri wa miezi mitatu.

Na hata wazazi nisingependa wabebeshwe lawama yote, kwa sababu historia yetu ya usajili ni ya kutengwa tangu mwanzo. Sheria ya 1920 ililetwa na utawala wa kikoloni, na ulazima wa kusajili uliwalenga wasio Waafrika. Waafrika walikuja kuingizwa kwenye usajili wa lazima wilaya kwa wilaya, baada ya uhuru. Maana yake kuna Watanzania wa umri wa babu na bibi zetu ambao Serikali haikuwahi kuwafuata kuwaandika, na haikuwa imewalazimisha waende. Wajukuu wao wakiomba pasipoti leo, Uhamiaji inataka cheti cha kuzaliwa cha mwombaji na cha mzazi wake, na pasipokuwa na cha mzazi, kinatakiwa kiapo. Mzee wa miaka 80 anapandishwa bodaboda kwenda kwa wakili kuapa kwamba alizaliwa.

Matokeo ya historia hiyo yanaonekana kwenye takwimu. Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 16 tu ya watoto wa chini ya miaka 5 ndio waliosajiliwa. Ule wa 2015-16 ulikuta asilimia 26, na wenye cheti mkononi walikuwa asilimia 14. Zanzibar, ambako usajili una wakala na sheria yake, imekuwa mbele ya Bara kwa mbali kwa miaka mingi. Pengo hilo kati ya waliosajiliwa na wenye cheti nalitazama kwa makini: asilimia 26 kwa 14. Karibu nusu ya watoto walioandikwa kwenye daftari hawakuwa na nakala nyumbani. Ofisi ilikuwa na taarifa zao, ila karatasi haikuwafikia.

Ndiyo maana mpango wa usajili wa watoto wa chini ya miaka 5, ulioanza Mbeya mwaka 2013 na kusambaa Mwanza, Iringa, Njombe, Geita, Shinyanga na mikoa mingine, nauona kuwa jambo kubwa kuliko yote yaliyofanyika kwenye eneo hili tangu uhuru. Ulifanya mambo machache ya busara. Usajili ulishushwa kutoka wilayani hadi ofisi ya kata na kituo cha afya, mahali ambapo mama anakwenda tayari kwa ajili ya chanjo. Cheti kikaandikwa hapo hapo kwa mkono na kukabidhiwa bila malipo. Taarifa zikatumwa kwa simu hadi makao makuu. Mama aliyekuja kumpima mtoto uzito akaondoka na cheti. Hakuna aliyemtuma kwa mjumbe, hakuna aliyemwambia arudi Jumatatu. Hapo ofisi ilimfuata mwananchi, na watu waliitikia kwa wingi, jambo linaloonyesha kwamba yale maneno ya siku zote, kuwa wananchi hawana mwamko, hayakuwa na ukweli mkubwa. Mwamko ulikuwapo, lakini ofisi ilikuwa mbali.

Mantiki ile iliishia kwa watoto wadogo. Kwa kijana na mtu mzima anayetafuta nakala, mambo yamebaki ya zamani, na nitaeleza nilichokiona.

Masika moja maji yaliingia nyumbani kwa dada yangu usiku, yakafika kitandani. Sanduku la nyaraka lilikuwa sakafuni. Mpwa wangu alipohitaji cheti chake, kilichobaki kilikuwa karatasi iliyogandana na picha za harusi. Nikamsindikiza wilayani. Aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mpole, ambaye mbele yake kulikuwa na watu zaidi ya viti vilivyokuwapo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Namba ya ingizo unayo?”

“Cheti kililowa, mama. Namba sikuikariri.”

“Kopi je? Shuleni hawana kopi yako?”

Shule ilikuwa na kopi, lakini ni kopi ya kopi, na pale penye namba palikuwa na doa jeusi. Yule mama hakutufukuza. Alituambia tusubiri, akahudumia foleni, kisha akatuingiza chumba cha nyuma. Madaftari yalikuwa yamepangwa kwa miaka kwenye rafu za mbao, makubwa, mengine jalada limeachia na kufungwa kwa kamba ya katani. Alitoa la mwaka tuliomtajia, akalilaza mezani, akaanza kushuka na kidole safu ya majina, ukurasa baada ya ukurasa. Mwandiko ulikuwa wa watu tofauti: mmoja alikuwa anaandika herufi za kulala na nzuri, mwingine alikuwa na haraka. Kuna kurasa ambazo wino ulikuwa umefifia hadi rangi ya chai. Akasema, “Huyu hapa.” Na kweli alikuwa yeye, tarehe ile ile, kituo kile kile, mama yule yule. Jina la baba tu ndilo lililokuwa limeandikwa Selemani, na nyaraka zake zote za shule zinasema Sulemani.

“Mimi natoa kilichoandikwa humu,” alisema yule mama. “Mkitaka kirekebishwe, mniletee kiapo.”

Simlaumu hata kidogo. Alifanya kazi yake kwa uaminifu na kwa moyo kuliko mshahara wake unavyomdai. Sheria haimruhusu kugusa ingizo kwa maneno ya mdomo, na isingefaa imruhusu. Ninachokipinga ni mahali gharama ilipoangukia. Baba wa mtoto yule alitaja jina lake kwa sauti, karani wa wakati ule akaandika alivyosikia. Karani aliweka u au e kwa namna alivyozoea kwao. Miaka ikapita, na herufi ile moja ikawa nauli, ada ya wakili, fomu nyingine, ada ya masahihisho na muda wa kusubiri, vyote juu ya kijana ambaye hakuwahi kuishika ile kalamu. Kwa mtu wa Dar es Salaam mwenye kazi, hiyo ni kero. Kwa mtu anayetoka kijiji cha ndani Liwale au Kilolo, inaweza kuwa ndio mwisho wa maombi ya chuo mwaka huo, kwa sababu dirisha halimsubiri mwenye kiapo.

Na makosa ya namna hii ni mengi mno. Mwanajuma ameandikwa Mwajuma, Muhammad ana Mohamed, wa majina matatu ana mawili kwenye cheti cha darasa la saba, aliyezaliwa Septemba ameandikwa Januari mosi kwa sababu aliyetoa taarifa hakukumbuka tarehe. Kabla ya mifumo, tofauti ndogo kama hizi zilipita kwa sababu mtu alikuwa akimtazama mtu mwenzake na kuelewa. Kompyuta haielewi. Ikiona herufi tofauti, inaona watu wawili. Kadiri tunavyounganisha mifumo, ndivyo herufi za makarani wa zamani zinavyozidi kuwa ghali kwa watu wa leo. Ningependa iwekwe kanuni rahisi: kosa la tahajia ambalo nyaraka nyingine mbili au tatu za Serikali zinalionyesha waziwazi, lirekebishwe na msajili mwenyewe, bure, bila wakili, na ingizo la awali libaki likionekana pembeni kwa ajili ya kumbukumbu.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya kweli. Kuna vyeti vya kughushi. Aprili 2017, kwenye uhakiki wa watumishi wa umma, watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya elimu vya kughushi, na nchi nzima ikaona jinsi karatasi yenye muhuri inavyoweza kudanganya. Vishoka wa nje ya ofisi za Serikali si hadithi. Anayesimamia fedha za mikopo ana haki, tena ana wajibu, wa kujua kwamba cheti alichopokea ni halali.

Lakini ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho, inaunga mkono ninachosema. Kama hatuamini karatasi, kwa nini tumwagize mwenye karatasi akalete karatasi nyingine? Mwenye nia ya kughushi anaweza kughushi na barua ya mtendaji, na kiapo. Asichoweza kughushi ni daftari lililo mikononi mwa msajili. Basi Bodi imuulize msajili moja kwa moja. Kijana ajaze namba ya ingizo kwenye fomu ya mkopo, mfumo wa Bodi uulize mfumo wa RITA, jibu lirudi. Hapo mwanya wa kishoka unazibwa vizuri kuliko kwa foleni yoyote, na kijana hajatoa hata shilingi.

Nyenzo za kufanya hivyo zipo. Tuna Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Mamlaka ya Serikali Mtandao imejenga mfumo wa kubadilishana taarifa baina ya taasisi, unaoitwa GovESB, kwa lengo hilo hilo la kuziwezesha ofisi za umma kusomana. Serikali imetangaza mpango wa Jamii Namba, namba moja ya kumfuata mtu tangu anapozaliwa, na majirani zetu Kenya walizindua Maisha Namba mwaka 2023 kwa wazo linalofanana. Kilichobaki ni uamuzi wa kiutawala: kuziambia taasisi zote za umma kwamba ni marufuku kumtuma mwananchi akalete taarifa ambayo Serikali inayo. Uamuzi huo ungegusa ada za uhakiki zinazokusanywa leo, na labda ndiyo maana haufanyiki haraka. Kama RITA inahitaji fedha za kutunza mfumo, na inazihitaji kweli, ilipwe na bajeti kuu au na taasisi inayouliza.

Nirudi kwenye steshenari, kwa sababu wengi wanaoandika kuhusu huduma za mtandao hawajakaa humo. RITA imeweka maombi mtandaoni kupitia eRITA, na ni hatua njema: yule kijana wa Mtwara aliyezaliwa Bugando hana tena sababu ya kwenda Mwanza. Ila kijana mwenyewe hana kompyuta, na simu yake haina nafasi ya kuskani karatasi ikasomeka. Anaingia steshenari. Anayemhudumia ana haraka, foleni ni ndefu, kijana hana barua pepe. Basi anafunguliwa akaunti kwa barua pepe ya steshenari, nenosiri linaandikwa kwenye daftari la mauzo, na namba ya malipo inatumwa kwenye simu ya mwenye duka. Miezi baadaye, majibu yanapotoka, kijana yuko kijijini na hajui barua pepe iliyotumika, na yule aliyemhudumia ameshaacha kazi. Taarifa zake zote, majina ya wazazi, tarehe, namba, picha ya cheti, zimebaki kwenye kompyuta isiyo na ulinzi, kwenye folda iliyoandikwa jina lake. Hii ni nchi yenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kama ofisi ya kata ingekuwa na meza moja yenye kompyuta, skana na mtumishi aliyefunzwa, kazi hiyo ingefanyika hapo, bure au kwa bei inayojulikana, na kuna mtu wa kuulizwa siku mambo yakiharibika. Kituo cha afya kiliweza kumwandikia mtoto mchanga cheti. Kata haiwezi kushindwa kumwombea nakala mtu mzima.

Kuna jambo jingine ambalo nalisema kwa uangalifu, kwa sababu linagusa mikoa ya mpakani. Mtu wa Kigoma au Kagera anaweza kuulizwa maswali mengi kuliko wa Morogoro anapotafuta cheti akiwa mtu mzima, na mara nyingi maswali hayo yanahusu uraia. Hapa pamechanganywa mambo mawili. Cheti cha kuzaliwa kinasema mtoto fulani alizaliwa mahali fulani, siku fulani, kwa wazazi fulani. Hakimpi mtu uraia. Mtoto wa mgeni aliyezaliwa katika hospitali yetu anastahili kusajiliwa kama mwingine yeyote, na ndivyo Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto unavyotaka katika kifungu cha 7, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Ofisi ya usajili ikigeuka kituo cha kupekua uraia, watu wataogopa kusajili, na Serikali itajikuta haina taarifa za wale wale inaotaka kuwafahamu.

Majirani walijifunza hilo kwa aibu. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua shauri la watoto wa jamii ya Wanubi dhidi ya Kenya. Wazazi wengi wa Kinubi walipata taabu kusajili watoto kwa sababu wao wenyewe hawakuwa na vitambulisho, na watoto wakawa wanasubiri hadi miaka 18 kujua kama nchi waliyozaliwa inawatambua. Kamati iliona Kenya imevunja kifungu cha 6 cha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, kile cha jina, usajili na uraia. Katika uamuzi ule Kamati iligusia kuwa mwaka 1 ni karibu asilimia 6 ya utoto wa mtu. Nimeufikiria ukokotoaji huo mara nyingi ninapoona mwanafunzi akiambiwa arudi muhula ujao. Ofisi inahesabu kwa mafaili yaliyosubiri, wakati mtoto anahesabu kwa umri unaopita.

Haya yote yanasimama juu ya kitu kimoja kisichopendeza kwenye picha za uzinduzi: yale madaftari kwenye rafu za mbao. Mfumo unaweza kuwa mzuri namna gani, usipolishwa maingizo ya zamani utamjibu mtu wa miaka 40 kwamba hayupo. Kuyaingiza ni kazi ya subira. Inahitaji watu wanaosoma miandiko ya zamani, wanaojua kwamba karani fulani wa miaka ya 1980 aliandika r akimaanisha l, wanaopiga picha ukurasa mzima ili hata jina likikosewa kuchapwa ukurasa ubaki. Inahitaji kufanywa kabla ya masika mengine, maana mafuriko hayachagui kati ya sanduku la dada yangu na chumba cha nyuma cha ofisi. Mwananchi akipoteza nakala, daftari lipo. Daftari likipotea, yeye na wote walio kwenye ukurasa ule wanaanza upya kwa mjumbe.

Watoto waliopata vyeti vya bure Mbeya mwaka 2013 sasa wako sekondari, na wakubwa wao wanakaribia au wamefikia umri wa kuomba mikopo. Vyeti vyao viliandikwa kwa mkono na taarifa zao zilitumwa kwa simu. Kabla kundi hilo halijafika dirishani, mbunge yeyote anayejali anaweza kumuuliza Waziri wa Katiba na Sheria, bajeti yake itakapokuwa mezani Dodoma, maswali mawili: wilaya kwa wilaya, maingizo mangapi ya madaftari yameshawekwa kwenye mfumo, na ni lini taasisi za umma zitaacha kumtoza mwananchi ada ili zipate kuulizana.